Pafu la Chooni

Simu inayolia saa kumi alfajiri kwetu Mombasa huwa ni ya msiba. Nilipoliona jina la dada yangu kwenye simu, mkono ulitetemeka kabla sijapokea. Yeye anaishi Lowell, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mji ambao Wakenya wameuzoea kiasi kwamba hata unga wa sima mtu hahangaiki kuutafuta. Kwake ilikuwa saa tatu usiku, ndio kwanza ametoka kazini.

"Kaka, hakuna aliyekufa," alianza, maana ananijua. "Ila mwanao kanishinda."

Mwanao ni mwanawe. Mjomba kwetu hana pa kukwepea. Kijana wa miaka 16 alikuwa amekutwa chooni shuleni akivuta. Haikuwa sigara ya kuwasha kwa kibiriti. Ilikuwa kidude cha samawati, kirefu kama kidole, ambacho dada alikuwa akikiona kimechomekwa kwenye kompyuta kwa wiki tatu nzima akidhani ni flashi ya kazi za shule. "Mimi nakifuta vumbi, kaka! Nakipanga mezani kwake!" Na ile harufu ya embe chumbani? Alidhani kijana ameanza kujipulizia manukato kwa sababu ya msichana fulani, na moyoni alifurahi kidogo.

Lakini kilichomnyima usingizi ni barua ya shule. Alitegemea kukuta humo yale tuliyoyajua sisi utotoni: mwanafunzi akikutwa na sigara anachapwa, anarudishwa nyumbani wiki mbili, kisha haingii darasani mpaka aje na mzazi. Barua hii ilisema kijana hatasimamishwa masomo endapo atahudhuria vikao vinne na mshauri wa shule. Vinne, vya kuongea. Dada alizungumza kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Hawa watu wanamwogopa mtoto, au vipi?"

Nikamwambia anipe siku chache nisome. Siku chache zikawa mwezi.

Nilianza na kidude chenyewe, kwa sababu bila kukielewa huwezi kuelewa kwa nini mtoto mwerevu anaomba ruhusa ya kwenda chooni mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Sigara ya mvuke, au vepu kama vijana wanavyoiita, ilibuniwa kwa sura yake ya sasa mwaka 2003 na mfamasia wa China aitwaye Hon Lik. Alikuwa mvutaji mkubwa, na baba yake, mvutaji pia, alikufa kwa saratani ya mapafu. Wazo lake lilikuwa jema: betri ipashe moto kioevu chenye nikotini, kigeuke mvuke, mtu apate nikotini yake bila kuchoma tumbaku. Kwa mzee aliyevuta pakiti nzima kwa siku miaka 30, kuhamia huko kabisa kunampunguzia sumu nyingi zinazozaliwa na moto. Ila mtoto ambaye hajawahi kuvuta chochote hana sumu ya kupunguziwa. Yeye anaanza tu.

Sigara hizo za mwanzo zilikuwa na mlinzi wa asili, nayo ni koo. Nikotini ikiwa katika hali yake ya kawaida ina tabia ya magadi, na ukiivuta kwa wingi inawasha na kukwaruza. Mtoto anayejaribu kwa mara ya kwanza anakohoa, machozi yanamtoka, wenzake wanamcheka, na mara nyingi hadithi inaishia hapo. Juni 2015 ikaingia sokoni vepu iitwayo Juul, na walioitengeneza wakamwondoa mlinzi huyo. Walichanganya nikotini na asidi ya benzoiki. Asidi na magadi vikikutana, kila mwanafunzi wa kemia anajua, unapata chumvi, na chumvi hii ya nikotini inapita kooni kwa ulaini hata ikiwa nyingi. Kikopo chake kimoja kilikuwa na mililita 0.7 tu za kioevu, lakini nikotini iliyomo ilikuwa asilimia 5, kiasi ambacho kampuni yenyewe ilikilinganisha na pakiti ya sigara 20. Pakiti nzima sasa ilitosha ndani ya kiganja kilichofumbwa. Tena ilinukia embe.

Yaliyofuata yako kwenye takwimu za serikali ya Marekani, ambayo miaka hiyo ilikuwa ikiwauliza wanafunzi wake kila mwaka kuhusu tumbaku. Mwaka 2017, asilimia 11.7 ya wanafunzi wa sekondari ya juu walisema wamevuta mvuke ndani ya siku 30 zilizopita. Mwaka 2019 walikuwa asilimia 27.5, yaani zaidi ya mmoja katika kila wanne. Katikati yake, Desemba 2018, daktari mkuu wa serikali alitangaza kwamba uvutaji huo miongoni mwa vijana ni mlipuko, neno ambalo kwa kawaida tunaliweka karibu na kipindupindu.

Watu wa maskani huku kwetu huita mvuto mmoja wa sigara "pafu". Nipe pafu moja, mshikaji. Neno ni la Kiingereza limevaa kanzu, lakini limeangukia juu ya pafu letu la kifuani, na sijapata lugha nyingine inayoomba sigara kwa kuitaja nyama inayoumia. Hata hivyo, tukizungumzia uraibu, pafu la kifuani ni njia tu. Safari inaishia kichwani.

Nikotini ikivutwa inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, kabla hujamaliza kutoa mvuke. Huko inakuta vipokezi ambavyo mwili uliviweka kwa ajili ya kemikali yake wenyewe, inajipachika humo kama ufunguo bandia, na ubongo unamwaga dopamini, ile kemikali inayotuambia: hiki kilikuwa kizuri, kikumbuke, kirudie. Ukirudia sana, ubongo unaongeza vipokezi. Vipokezi vilivyoongezeka vikikosa nikotini vinadai. Hapo mtu hatafuti tena raha. Anatafuta kutulia tu. Vijana wa maskani wana neno zuri kwa dai hilo: arosto. Wanalitumia hasa kwa unga, lakini jirani yangu anayevuta pakiti kwa siku anapata arosto yake kila Ramadhani, na mke wake anaweza kukutajia saa inapoanza.

Nusu ya nikotini iliyomo mwilini huondoka kwa takriban saa mbili. Liweke hilo kwenye ratiba ya shule. Kijana amevuta saa kumi na mbili u nusu asubuhi akisubiri basi. Ikifika saa mbili u nusu amebaki na nusu. Saa nne u nusu amebaki na robo, na yuko katikati ya somo la hesabu. Mguu unamchezacheza. Maandishi ubaoni yanamkera. Mwalimu anaona mtoto mtovu wa nidhamu. Kijana mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyemweleza, anaona kwamba hesabu inamtia wasiwasi na kwamba vepu ndiyo inayomtuliza, wakati wasiwasi wenyewe umeletwa na vepu ya asubuhi. Anainua mkono kuomba ruhusa.

Tulizoea kudhani kwamba uraibu unachukua miaka, kwamba mtoto ana muda wa kucheza na moto kabla haujamshika. Daktari mmoja wa Massachusetts, Joseph DiFranza, aliitikisa imani hiyo tangu enzi za sigara za kawaida. Yeye na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa miaka 12 na 13, na mwaka 2000 walichapisha waliyoyaona: wapo watoto waliopata dalili za uraibu ndani ya wiki chache tangu waanze kuvuta mara mojamoja, kabla hata ya kuwa wavutaji wa kila siku. Kutokana na kazi hiyo likatoka dodoso fupi la maswali kumi ambalo bado linatumika. Ukijibu ndiyo hata kwa swali moja, tafsiri yake ni kwamba uhuru wako kamili umeshapungua. Nilimtumia dada maswali hayo. Alinijibu baada ya siku mbili kwamba kijana amejibu ndiyo kwa saba, na kwamba yeye mwenyewe amejibu kwa ajili ya chai na amepata manne.

Basi turudi kwenye barua ya shule.

Fikiri adhabu ya kusimamishwa masomo inafanya nini kwa mtoto wa namna hii. Unamtoa mahali ambapo walau anavizia chooni, unampeleka kwenye nyumba ambayo mama yuko kazini tangu asubuhi, chumba kina mlango, na chaja iko ukutani. Anavuta siku nzima. Anarudi baada ya wiki akiwa nyuma kwa masomo, amekasirika, na uraibu umenenepa. Shule za Marekani zilijaribu hilo kwa miaka kadhaa, na nyingine ziliongeza vifaa vya kunasa mvuke vyooni, mithili ya vile vya kunasa moshi. Kifaa hicho kinakuambia kwamba kuna anayevuta. Baada ya kumkamata, una nini cha kumpa?

Hapo ndipo vikao vinne vilipozaliwa. Shirika la mapafu la nchi hiyo, American Lung Association, lina programu iitwayo INDEPTH, ya vikao vinne vya dakika 50, kwa mwanafunzi aliyekamatwa, badala ya kumfukuza. Massachusetts wana ya kwao, iDECIDE, iliyoandaliwa na hospitali ya Massachusetts General pamoja na idara ya afya ya jimbo. Mtoto anakaa na mtu mzima aliyefundishwa kazi hiyo, anaelezwa nikotini inavyofanya kazi kichwani mwake, anaonyeshwa mbinu ambazo wauzaji walizitumia kumnasa, kisha anatafuta mwenyewe ni saa zipi na mambo gani yanayompeleka chooni. Kwa anayetaka kuacha moja kwa moja kuna programu nyingine kongwe zaidi, N-O-T, ya vikao kumi, iliyozaliwa West Virginia katika zama za sigara za moto na baadaye kufanyiwa marekebisho ili iwahusu pia wavuta mvuke.

Ninavyoona mimi, sehemu ya wauzaji ndiyo yenye ujanja mkubwa. Ukimwambia kijana wa miaka 16 kwamba kitu kina madhara, umemwambia kwamba ni cha watu wakubwa. Ukimwonyesha kwamba kuna mtu mzima aliyekaa ofisini akapanga namna ya kumfanya mteja wa maisha, umemgusa pale kijana anapoumia, kwenye kuchezewa akili. Na ushahidi haukosekani. Aprili 2023 kampuni ya Juul ilikubali kulipa dola milioni 462 kumaliza kesi za majimbo sita, Massachusetts likiwemo, pamoja na mji mkuu Washington, kuhusu jinsi bidhaa yake ilivyowafikia watoto.

Lakini dada hakuniuliza kama vikao ni vya busara. Aliniuliza kama vinafanya kazi. Swali hilo la mama mmoja wa Lowell ndilo ambalo jopo la wataalamu wanaoishauri Marekani kuhusu kinga ya magonjwa lilijiuliza mwaka 2020. Walipitia tafiti zote zilizokuwepo. Kwamba inawezekana kumsaidia mtoto asianze, walikubali. Kwamba kuna njia iliyothibitika ya kumsaidia mtoto aliyekwisha kuanza aache, walisema ushahidi hautoshi. Mamilioni ya watoto walikuwa wanavuta, na sayansi ilikuwa bado inatafuta viatu.

Jibu la kwanza lenye uzito lilikuja Agosti 2024, na lilipita kwenye kitu ambacho kijana hakiachi hata akienda kuoga: simu. Shirika la Truth Initiative lilikuwa limeanzisha tangu Januari 2019 huduma ya meseji kwa vijana wanaotaka kuacha. Unaandikishwa kwa kutuma neno moja, unataja umri wako na siku unayotaka kuacha, na meseji zinaanza kuja, fupi, kwa lugha ya rika lako, nyingine zikiwa ni maneno ya vijana walioacha. Hamu ikikuzidi unatuma neno, jibu linakuja papo hapo. Ukiteleza unatuma neno jingine, na hakuna anayekutukana. Jambo lenyewe linaonekana dogo hata linachekesha. Meseji!

Mtafiti Amanda Graham na wenzake waliamua kulipima kama inavyopimwa dawa. Walipata vijana 1,503 wa miaka 13 mpaka 17 waliokuwa wakivuta na waliosema wangependa kuacha. Zaidi ya robo tatu yao walikuwa wanavuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka. Hawakuwa watoto wanaojaribujaribu. Kisha ikapigwa kura. Waliotoka upande mmoja, 759, walipewa huduma ya meseji. Wengine 744 hawakupewa. Wao walipata ujumbe wa kila mwezi tu wa kuwauliza kama bado wanavuta.

Kura hiyo ndiyo moyo wa jambo zima. Bibi yangu alitibu mafua kwa mchaichai na kitunguu saumu, na sote tulipona. Hakuwahi kumwacha mjukuu mmoja bila dawa ili aone, na angefanya hivyo tungemshitaki kwa babu. Kwa hiyo mpaka anakufa hakujua ni kiasi gani cha kupona kwetu kilikuwa cha mchaichai na kiasi gani kilikuwa cha siku kupita. Graham alitaka kujua hasa hilo.

Baada ya miezi saba waliulizwa wote: katika siku 30 zilizopita, umevuta? Katika kundi la meseji, asilimia 37.8 walikuwa hawajavuta. Katika kundi lisilo na meseji, asilimia 28.0.

Dada aliposikia namba ya kwanza alipiga kigelegele kwenye simu. Aliposikia ya pili akanyamaza. "Kwa hiyo na wale wengine waliacha?" Naam. Zaidi ya robo yao waliacha bila huduma hiyo, kwa sababu walishataka kuacha, kwa sababu vijana hubadilika, na labda kwa sababu kuulizwa tu kila mwezi "bado unavuta?" nako ni kusukumwa. Faida ya meseji zenyewe ni ile tofauti, karibu vijana kumi katika kila mia. Kwa mfanyabiashara ni namba ya kusikitisha. Kwa mtu aliyeona jinsi nikotini inavyong'ang'ania, na akikumbuka kwamba meseji haihitaji kitanda wala daktari, kumi katika mia ni wengi mno.

Watafiti walikuwa wakali kwa upande wao pia: kijana aliyepotea asijibu alihesabiwa kwamba bado anavuta, na waliopotea walikuwa karibu theluthi. Jambo jingine lililonipa faraja, hawakuona dalili kwamba walioacha mvuke walihamia kwenye sigara za moto. Upande dhaifu ni kwamba walichukua maneno ya vijana wenyewe. Hakuna aliyepimwa mate. Na kuna tofauti moja ambayo haikuniacha. Vijana hao 1,503 walisema wanataka kuacha. Mpwa wangu alikamatwa.

Nadhani hapo ndipo shule inapopata kazi yake halisi. Vikao vinne peke yake sivitolei ahadi kwa dada yangu wala kwa mzazi yeyote. Muda wake ni mfupi, na mshauri mmoja ana mamia ya wanafunzi. Lakini kati ya "nimekamatwa" na "nataka kuacha" kuna mto, na meseji haziwezi kumvusha mtu asiyetaka kuvuka. Mtu mzima aliyekaa na kijana bila fimbo, akamuuliza anapenda nini kwenye vepu na kinamkera nini, anaweza kuwa daraja. Akishavuka, huko ng'ambo vipo vitu vilivyopimwa.

Cha pili kilitangazwa Aprili 2025, tena na Massachusetts General, hospitali ileile ya vikao. Mkuu wa utafiti alikuwa Anne Eden Evins. Safari hii ni kidonge, vareniklini, kilichoruhusiwa Marekani tangu 2006 kwa watu wazima wanaoacha sigara. Kama nikotini ni ufunguo bandia unaozungusha kufuli mpaka mwisho, vareniklini ni ufunguo unaoingia kwenye kufuli ileile na kuzunguka nusu tu. Ubongo unapata dopamini ya kutosha kutuliza arosto, na nikotini ikija inakuta tundu limejaa. Pafu linakosa utamu.

Waliopimwa ni vijana 261 wa miaka 16 mpaka 25, wote wakivuta mvuke kila siku au karibu kila siku. Kundi la kwanza lilipata kidonge, ushauri wa kila wiki na meseji. La pili lilipata vilevile, isipokuwa kidonge chao kilikuwa kitupu. La tatu lilipata meseji tu. Baada ya wiki 12, asilimia 51 ya kundi la kidonge walikuwa wamekaa mwezi mzima bila kuvuta. Wenye kidonge kitupu walikuwa asilimia 14, wenye meseji tu asilimia 6. Miezi sita tangu waanze, namba zilikuwa 28, 7 na 4.

Msomaji makini atashtuka: meseji zilizowafanyia wengi kazi mwaka uliotangulia, hapa mbona 4? Mizani ni tofauti. Hapa walihesabiwa wale tu ambao hawakuvuta hata mara moja tangu wiki ya 9 mpaka ya 24, na mate yao yalipimwa kotinini, masalia ya nikotini ambayo hayajui kudanganya. Isitoshe, walioingia walikuwa wavutaji wa kila siku au karibu kila siku. Ukitaka kulinganisha tafiti mbili, tazama kwanza zimepimwa kwa kibaba kipi.

Tazama pia lile kundi la pili, kwa sababu limeniumiza kichwa. Walipata ushauri kila wiki, walipata meseji, walimeza kidonge bila kujua kama kina dawa, na saba tu katika mia wakafika mwisho. Hao hawakukosa maneno mazuri. Aliyekolea hivyo ana jambo la mwili, na kumwambia "jikaze" ni sawa na kumwambia mwenye malaria apunguze joto kwa nia.

Mpwa wangu hakuwa amekolea kiasi hicho, ingawa hakuwa mbali nako kama alivyodhani. Nilimpigia mimi, wiki ya vikao vyake vya mwanzo. Aliongea nami Kiswahili cha mtu anayetafuta viatu gizani.

"Mjomba, shikamoo. Mama amekuambia?"

"Marahaba. Ameniambia. Wewe uniambie."

Akaniambia kwamba siku ya tatu bila kuvuta alimfokea mwalimu aliyempenda kuliko wote, kisha akaenda kulia kwenye basi. Nikamweleza ninayoyajua: siku mbili tatu za mwanzo ndizo kilele, baada ya hapo mlima unashuka, na baada ya wiki mbili mpaka nne sehemu kubwa ya arosto huwa imekwisha. Hamu yenyewe, ile inayobana kifua, hukaa dakika chache tu halafu hupita, uvute usivute. Hilo hakuliamini. Nikamwambia alipime kwa saa ya simu. Alinitumia matokeo jioni yake, kama mtafiti: dakika nne, dakika sita, dakika tatu, "hii ilikuwa kumi lakini nilikuwa nimegombana na mama."

Siku ya tisa alivuta. Rafiki alikuwa na kimoja cha tikiti maji. Massachusetts ilipiga marufuku vionjo hivyo kwa sheria ya Novemba 2019, kabla ya jimbo lolote lingine, lakini Lowell iko karibu na mpaka wa New Hampshire, na sheria haivuki mpaka. Hakumwambia mama yake. Alimwambia mshauri, kwenye kikao cha tatu, na mshauri hakupiga simu nyumbani wala hakuinua nyusi; alimuuliza ilikuwa saa ngapi, wapi, na nani alikuwepo. Wakaandika pamoja orodha ya saa zake mbaya. Kijana alinitumia picha yake. Kituo cha basi. Baada ya chakula cha mchana. Somo la hesabu, amelipigia mstari mara mbili. Na ya mwisho, kwa herufi ndogo pembeni: usiku, nikiwa peke yangu, mama hajarudi.

Nililikalia hilo la mwisho siku nzima kabla ya kuamua kumwambia dada. Hakusema kitu kwenye simu. Wiki iliyofuata alibadilishana zamu na mwenzake, siku mbili katika wiki, basi. Ndizo alizoweza.

Kile kidude cha samawati bado anacho. Shule ilikirudisha kwa mzazi, na alipotaka kukitupa akaambiwa kina betri ya lithiamu na mabaki ya nikotini, hakifai kuingia kwenye pipa la kawaida. Kinataka kupelekwa mahali maalumu. Hajapata nafasi ya kwenda. Amekitia ndani ya kopo la biskuti, chini ya nyuzi na sindano, juu ya kabati la jikoni, kama bibi yetu alivyokuwa akificha sukari.

Mara ya mwisho tulipoongea nilimuuliza kijana kama anajua kilipo.

"Najua, mjomba," alisema. "Kimeisha chaji."